Mjadala: Mwenye kiwanja anayeingia ubia wa ghorofa, alazimishwe kuwa na wakili wake mwenyewe?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo la Kariakoo, ila naamini na Magomeni na Ilala mnalijua.

Nyumba ya babu ilikuwa ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati na uani kuna mwembe. Mama mkubwa ndiye msimamizi wa mirathi. Akaja mwekezaji: kiwanja chenu, pesa yangu, tunapandisha ghorofa nane. Ninyi mtapata fremu mbili za chini na apatimenti mbili, mimi nakula zilizobaki kwa miaka 25.

Siku ya kusaini nilimsindikiza. Mkataba kurasa 23, Kiingereza kitupu. Wakili alikuwa mpole kweli, akaagiza chai na sambusa, kisha akawa anafunua kurasa na kuweka kidole: "Mama, hapa. Na hapa." Mwisho akagonga muhuri. Tukiwa njiani nikamuuliza mama mkubwa, wakili wetu ni yupi? Akanishangaa. "Si huyo aliyetugongea muhuri."

Huyo alikuwa wakili wa mwekezaji. Yeye ndiye aliyeandika mkataba, na aliyemlipa ni mwekezaji.

Ndani ya zile kurasa kulikuwa na hati ya uwakilishi, hiyo mtaani tunaiita pawa ofu atoni, inayompa mwekezaji mamlaka ya kutenda kwa niaba ya mama mkubwa. Kwa hati hiyo mwekezaji aliomba kubadili matumizi ya kiwanja kutoka makazi kwenda makazi na biashara, akachukua kibali cha ujenzi, na yote hayo ni sawa, ndiyo kazi yake. Kisha hati ya nyumba ikaenda benki kuwa dhamana ya mkopo. Tulijua siku ofisa mikopo alipokuja kuupiga picha uwanja wetu.

Hoja yangu: Msajili wa Hati asipokee nyaraka yoyote ya ubia wa namna hii mpaka iambatane na barua ya wakili aliyechaguliwa na familia, ikisema amewaeleza mkataba kwa Kiswahili na wameuelewa. Mnasemaje?

Mchangiaji, dalali wa viwanja

Pole kwa mama mkubwa, lakini sikuungi mkono. Kariakoo kiwanja kimoja kina warithi kumi na wanne, mmoja yuko Tanga, mwingine Muscat hashiki simu. Kila mmoja akija na wakili wake, hilo ghorofa litaota lini? Wakili wa pili hatafuti makosa bure. Akimaliza kusoma lazima abadilishe kitu ili mteja aone pesa yake imefanya kazi. Nimeona dili likikaa miezi tisa kwa ajili ya neno moja, mwekezaji akahamia kiwanja cha jirani. Jirani leo anapokea kodi na kilemba cha fremu, wale wengine bado wanaziba bati kwa lami.

Na watu wazima wana akili zao. Wakishalazimishwa wakili, kesho watalazimishwa na mhandisi.

Mchangiaji, wakili

Ndugu mleta mada, unadai sheria ambayo nusu yake ipo. Kifungu cha 7 cha sheria ya makamishna wa viapo, Sura ya 12, kinamkataza kamishna, yaani wakili anayeshuhudia sahihi na kugonga muhuri, kutumia mamlaka yake katika jambo ambalo yeye ni wakili wa upande mmojawapo. Yaani yule aliyeandika mkataba wa mwekezaji hakupaswa kuushuhudia. Watu wanaona muhuri, wanadhani ni ulinzi. Muhuri unasema tu kwamba fulani alisaini mbele yangu.

Hiyo barua ya wakili unayoitaka, Uingereza walifika karibu nayo kupitia hukumu ya Etridge ya mwaka 2001. Benki inayotaka nyumba ya mke iwe dhamana ya deni la mume inadai kwanza uthibitisho wa wakili kwamba mama ameelezwa hatari yake. Sisi tuna ridhaa ya mwenza kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999, yaani mume au mke akubali kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani, lakini shangazi, mjane au msimamizi wa mirathi hana mwenza wa kumkingia kifua.

Ila nikuonye: barua ikishakuwa lazima, itapata bei. Mtaona mawakili wa kuandika barua tu, kumi kwa siku, hawajafungua hata ukurasa wa pili.

Kuhusu lugha, mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mkataba wa watu wawili haukuguswa. Andikeni mnavyotaka.

Mchangiaji mwingine

Mnaongea fremu tu. Jengo la Kariakoo lilipoanguka tarehe 16 Novemba 2024, waliofikishwa mahakamani ni walioitwa wamiliki. Mama mkubwa hati ina jina lake, kibali kina jina lake. Nondo kachagua nani? Hilo kifungu gani kinalisema?

Mleta mada

Mkuu hapo juu, umeninyima usingizi. Kipo kifungu, kinasema mwekezaji "atafuata viwango". Basi.

Dalali, la warithi kumi na wanne nakukubalia. Wakili awe mmoja kwa familia nzima. Na mwekezaji aweke ada yake mapema, ilipwe hata familia ikikataa kusaini, kwa sababu wakili anayelipwa baada ya sahihi ataitafuta sahihi. Miezi tisa ni mingi, lakini mkataba ni wa miaka 25, mkuu.

La barua kuuzwa kama vocha sina jibu. Labda anayeiandika awajibike kwa hasara, sijui mawakili wenyewe watakubali.

Mchangiaji, dalali wa viwanja

Hapo kwenye ada umenipunguzia makali. Swali moja tu, la kibiashara: paa ni la nani? Kampuni za simu zinalipia minara.

Mleta mada

Nimeenda kufungua mkataba sasa hivi. Ghorofa zimegawanywa moja baada ya nyingine, na ngazi zimetajwa, hata tanki la maji. Paa halimo.