Mjadala: Ni kasoro gani ndogo inayokutosha kuachana na mtu, hata kama mengine yote ni mazuri?

Nuru wa Kirumba

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Nina jambo ambalo nyumbani kwetu limegeuka ugomvi, nami ningependa kusikia watu wasiokula nami sahani moja wanalionaje. Mwezi uliopita niliachana na kijana ambaye tulikuwa tumefahamiana kwa miezi tisa, na ambaye shangazi yangu alikwisha kuanza kumwita mkwe. Hanywi pombe, ana kazi ya kueleweka, na sijawahi kumkamata na uongo. Kosa lake ni kwamba huwaita wahudumu kwa mluzi. Mara ya kwanza, tukiwa kwenye mgahawa mmoja karibu na kivuko cha Kamanga, nilidhani ni mzaha. Mara ya pili alimpigia mluzi mama mtu mzima, rika la mama yangu, aliyekuwa ameshika sahani mbili za sato, na chakula kilipofika hakumtazama usoni wala hakusema ahsante. Baada ya hapo niliacha kuhesabu. Shangazi anasema nimeichezea bahati kwa jambo la kipuuzi, nami ninasema kwamba mluzi ule siku moja ungenifikia. Swali langu ni hili: ni kasoro gani ambayo wengine huiona ndogo, lakini kwako inatosha kumwacha mtu?

Nikiri pia, msije mkanidhania malaika, kwamba kabla yake nilimkataa mwingine aliyekuwa akifanya biashara ya dagaa pale mwaloni, kwa sababu harufu haikumtoka hata siku ya Jumapili.

Mchuuzi wa Mwaloni

Dada Nuru, habari ya mluzi ninawaachia wengine, kwa kuwa mimi nimekwama kwenye mstari wako wa mwisho. Hiyo harufu unayoitaja kama kwamba mtu ameichagua dukani ina kazi nyuma yake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi huvuta mitumbwi nchi kavu wakapumzika, kwa hiyo giza likiingia hatuna Jumapili wala sikukuu: tunapokea mzigo alfajiri, tunaanika, tunageuza, tunakimbizana na mvua, tunajaza magunia. Mafuta ya dagaa yakipata jua hushika kwenye nywele, kwenye kola na hata kwenye kamba za viatu. Mimi huoga mara mbili kwa siku kwa sabuni ya mche na ndimu, na bado mtoto wa dada yangu akinikumbatia huniuliza kama nimeleta samaki.

Dagaa hao hupakiwa kwenda Kongo, Rwanda na Burundi, na fedha yake imelipia karo za watoto ambao leo wanaziba pua wakipita Kirumba. Kisha niambie jambo moja. Mbona sijawahi kumsikia binti aliyemkataa mfanyabiashara wa mabondo? Bondo hutolewa tumboni mwa sangara kutoka ziwa hili hili, na harufu yake haina tofauti ya kujivunia, ila kwa kuwa huishia China kwa bei ya kutisha, mwenye kunuka bondo huitwa bosi.

Mwalimu Mstaafu wa Nyegezi

Marahaba, binti yangu Nuru. Naomba tulirudie swali kabla halijazama. Kwa maoni yangu uliona sawasawa, kwa maana mtu hupimwa kwa namna anavyomtendea yule asiyeweza kumfanya lolote. Sisi Wasukuma tulilelewa kwamba hupiti karibu na mtu bila neno: asubuhi ni mwangaluka, jioni ni mwadila, na ukishasalimia huondoki kabla hujaulizwa habari za nyumbani, hata kama unayekutana naye ni mchunga ng'ombe usiyemjua. Mtoto wa kike alipiga goti, mtoto wa kiume aliinamisha kichwa, na hakuna aliyepungukiwa na kitu. Siku hizi mabinti wa mjini husalimia wamesimama wima kama nguzo za umeme, halafu wanashangaa kwamba wachumba wao nao hawana adabu.

Kwa upande wangu, kasoro nisiyoivumilia ni mtu anayekopa kisha akakutana nawe njiani akakusalimia kwa furaha kuliko kawaida. Nina mwenzangu wa miaka 30 ambaye tuliachana hivyo. Fedha yenyewe haikuwa nyingi, lakini ile furaha yake ndiyo iliyonishinda.

Fundi Cherehani wa Mabatini

Shikamoo, Mwalimu. Nimekusalimia nikiwa nimekaa, tena mguu mmoja uko kwenye cherehani, na ninaamini salamu imekufika.

Sikatai goti. Mama yangu alipiga goti, nami nilipiga goti nilipokuwa kwetu Magu, na hata leo nikimkuta bibi kizee ninapiga. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kijana amempigia mama wa watu mluzi kwa sababu binti amesimama wima. Kijana yule alikuwa na mama yake, na baba yake, na walimu wa aina yako, Mwalimu, hivyo tuanze kuwauliza hao.

Kwa kuwa wachumba wengi huja kwangu kupimwa nguo za sherehe, nitawaambia kinachonifanya niseme moyoni kwamba hapa hakuna ndoa. Ninamuuliza binti anapenda mkono mrefu au mfupi, anajibu mchumba. Ninamuuliza kama kiuno kinambana, anajibu mchumba. Mmoja alinijibu hata pale nilipouliza kama binti ana kiu. Wanaume hao ni wapole, hulipa vizuri na hawapigi mluzi popote, na bado mimi ningewakimbia kabla sijamaliza kupinda pindo.

Kuhusu harufu, Mchuuzi, usiumie. Marehemu mume wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, na nimeishi na harufu hiyo miaka 19. Nilifua, nikazoea, na siku hizi nikipita karibu na kiwanda huwa ninapunguza mwendo. Kilichokaribia kunitoa kwenye ile ndoa ni kwamba alikuwa akichokonolea meno sindano zangu za kazi, kisha anazirudisha kwenye mto wa sindano kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilimwambia mwaka wa kwanza, nikamwambia mwaka wa saba. Alikufa akiwa bado ananiibia sindano.

Kijana wa Buhongwa

Nimecheka mpaka nimemwaga chai, samahani mama, na pole kwa msiba.

Mimi nina hoja tofauti kidogo. Hamuoni kwamba tumenyang'anywa kipimo? Zamani ukitaka kumjua mtu ulipanda naye gari kwenda Geita, mkafika Kigongo, mkakuta foleni ya kivuko. Saa ya kwanza alikuwa mtu mzuri. Saa ya pili ndipo ulipomwona: huyu anamtukana kondakta, yule anajipenyeza mbele ya akina mama wenye watoto mgongoni, huyu mwingine ananunua karanga na kugawa kiti kizima. Mimi niliachana na binti mmoja palepale Kigongo, kwa sababu aliwachekea wauza mayai kwa jinsi walivyokuwa wakikimbilia magari, na alipoona sicheki akarudia utani wenyewe kwa sauti zaidi ili niuelewe. Sasa tangu lilipofunguliwa lile daraja la kilomita 5, mtu anavuka kwa dakika chache akiwa bado na tabasamu lake la Mwanza. Mtaoana na watu msiowajua.

Msafiri wa Sengerema

Daraja la Kigongo hadi Busisi lina urefu wa takribani kilomita 3, si 5, na lilifunguliwa Juni 2025. Ninavuka hapo kila wiki, kwa hiyo naomba tusiliongezee urefu kwa ajili ya kunogesha hadithi. Nakuhakikishia pia kwamba sisi tuliolala kwenye foleni ile tukiwa na wagonjwa wa kupelekwa Bugando hatukuiona kuwa shule ya uchumba.

Kasoro yangu ni hiyo hiyo: mtu anayekuza mambo. Leo ni kilomita 2 za nyongeza, kesho ni mshahara, keshokutwa ni idadi ya watoto aliozaa kabla hajakutana nawe. Kisha dada Nuru awe mwangalifu, kwa maana nilisikia kuna sheria inayomruhusu mtu aliyeachwa kukushitaki na mahakama ikakulazimisha kufunga ndoa.

Kijana wa Buhongwa

Kaka, mtu aliyetoka kunikosoa kwa kilomita 2 ndiye anayetuletea mahakama inayofungisha ndoa kwa nguvu?

Msaidizi wa Sheria

Hapo kaka wa Sengerema amesikia nusu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia, na pia inaruhusu kudai zawadi zilizotolewa kwa kutarajia ndoa ambayo haikufungwa. Kulazimishwa kuoana hakumo, kwa kuwa sheria hiyo hiyo inataka ndoa ifungwe kwa hiari ya wote wawili. Kwa hiyo, Nuru, kama kulikuwa na ahadi na zawadi za uchumba, vizuri vitu hivyo vikahesabiwa mbele ya wazee wa pande zote mbili. Kama zilikuwa sahani za sato tu, kula na usahau.

Mwalimu Mstaafu wa Nyegezi

Fundi, marahaba, ingawa naona salamu yako ilikuja na sindano ndani yake. Sikusema goti ndilo sababu ya mluzi. Nilisema kwamba adabu ni nyumba moja, ukibomoa ukuta wa huku, wa kule nao unapata ufa. Nimefundisha kwa miaka 34, na sitakubali kuambiwa kwamba walimu wa aina yangu ndio tuliolea wapiga mluzi. Darasani kwangu aliyetaka kuuliza aliinua mkono.

Fundi Cherehani wa Mabatini

Na wasichana waliinua mkono wakiwa wamesimama au wamepiga goti? Ninauliza kwa heshima tu, Mwalimu, kwa sababu nina suruali ya mteja hapa na ninataka kulala.

Mwalimu Mstaafu wa Nyegezi

Walisimama. Sawa. Umenishika.

Mchuuzi wa Mwaloni

Mmeshapita Kigongo, mmefika mahakamani, mmerudi darasani, na hakuna aliyenijibu isipokuwa fundi, ambaye ninamshukuru. Naomba nilieleze vizuri linaloniuma, kwa maana sikulieleza. Sisemi kwamba mtu alazimishwe kuvumilia harufu. Pua ni ya mwenyewe, na kuna binti nilimwacha mimi mwenyewe kwa sababu alikuwa akijipaka manukato makali hata nikishindwa kumeza chakula, kwa hiyo ninajua. Tofauti ni kwamba mimi nilimwambia. Alikasirika, akanitukana, na wiki ya pili akanitumia ujumbe kwamba dukani kwao wafanyakazi wote walikuwa wakisema hivyo pembeni, ila hakuna aliyekuwa amethubutu kumwambia.

Mpiga mluzi anajua kwa nini ameachwa, au walau ninatumaini umemwambia. Je, yule wa dagaa ulimwambia? Kwa maana kipindi cha giza kikiisha tunakaa siku kadhaa bila mzigo, na mtu akipenda anaweza kupanga kuonana na mchumba wake siku hizo, akiwa amefua kila kitu. Mimi ningefanya hivyo. Lakini ningefanyaje kama sijaambiwa?

Msafiri wa Sengerema

Hilo nalo lina ubishi wake. Kuna sababu ambazo ukizitaja unamwachia mtu kidonda cha bure. Mimi niliambiwa kwamba ninakoroma na kwamba sauti yangu ya mchana nayo haina tofauti kubwa. Nimeifanyia nini taarifa hiyo? Tangu siku hiyo ninaongea kidogo, basi.

Fundi Cherehani wa Mabatini

Kidogo? Mwanangu, umemsahihisha mwenzako urefu wa daraja bila kuulizwa.

Nakubaliana na Mchuuzi, tena kwa moyo wote, ingawa mimi nilisema kwa miaka mingi na sindano hazikuacha kuibwa. Angalau nilijua kwamba nimesema. Nuru, jibu swali la watu.

Nuru wa Kirumba

Nimesoma yote, na nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa ninatafuta jibu ambalo lisingeniaibisha, sikulipata.

Mpiga mluzi nilimwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba mhudumu analipwa kwa kazi hiyo, kisha akaniuliza kama nimemaliza ili aagize bili. Aliiagiza kwa mluzi. Zawadi alizowahi kunipa ni kitenge kimoja na saa ya mkononi, na shangazi amekwisha kuvirudisha vyote huku akilia, utafikiri yeye ndiye aliyeachwa.

Yule wa dagaa sikumwambia. Alikuwa mtu mzuri sana, kaka Mchuuzi, na hilo ndilo lililonifunga mdomo. Alikuwa akiwasalimia watu wote mpaka tunachelewa tunakokwenda. Nilimwambia kwamba nimepata nafasi ya kusoma Dodoma na kwamba sitaki kumpotezea muda. Akanitakia heri, akaniletea na mfuko wa dagaa waliokwisha kuchambuliwa vichwa, wa kwenda nao chuoni.

Mchuuzi wa Mwaloni

Mdogo wangu, na wewe unaishi Kirumba. Huyo mtu amekuona mara ngapi sokoni tangu ulipokwenda Dodoma?

Nuru wa Kirumba

Mara mbili. Mara zote mbili nilijifanya ninachagua nyanya, naye alinipita bila kunisalimia, mtu ambaye husalimia hata wapita njia.