Rada ya ulinzi Kanda ya Ziwa: mlimani au ufukweni?

Ngosha wa Igoma: Wadau, tuseme Mwanza inapewa rada ya ulinzi wa anga, ile ya vipimo vitatu: umbali, mwelekeo na kimo. Ikae wapi? Mimi nasema mlimani. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, jumlisha cha kimo cha ndege, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Antena ya mita 9 kando ya maji inaiona ndege inayoruka mita 100 ikiwa kama kilomita 54. Ipandishe hadi mita 144, inaiona kwenye 91. Kwa ndege ya mita 250 kwa sekunde, hizo ni kama dakika mbili na nusu za nyongeza.

Fundi Jiwe: Rada si ipo pale uwanja wa ndege? TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, walifunga nne: Dar, KIA, Mwanza na Songwe. Ya pili ya nini?

Spana 13: Mkuu umechanganya mafaili. Ile ya uwanjani kimo inaambiwa na transponda, kifaa cha ndege yenyewe kinachoijibu rada. Rubani akiizima, unabaki na kinukta kisicho na kimo. Ya ulinzi haiombi mtu: antena inazunguka kwa mota, mwale unapanda na kushuka kwa umeme, kimo kinapigwa hesabu kutokana na pembe ya mwangwi.

Fundi Jiwe: "Umechanganya mafaili" ndiyo lugha gani? Wataalamu wa aina yako ndio waliotuletea rada ya pauni milioni 28, tukaishia kurudishiwa chenji.

Spana 13: Ile ilikuwa Watchman, ya kuongozea ndege, wala haipimi kimo. Na chenji ya BAE, Waingereza waliotuuzia, ilikuwa milioni 29 na nusu.

Dada wa Mwaloni: Subiri kwanza. Chenji inazidi bei? Duka hilo liko wapi nikanunue sukari?

Fundi Jiwe: 😂😂 Tena ikawa ya vitabu vya shule. Nani kaviona?

Kirumba Juu: Mnacheka, Ngosha kasahau maji. Ziwa likitulia alfajiri ni kioo. Mwangwi unarudi kwa njia mbili, mmoja moja kwa moja, mwingine umegonga maji kwanza. Ndege ikiwa chini karibu na upeo, kimo chake kinarukaruka kwenye skrini. Na ukipanda mlimani unaona mawimbi mengi zaidi, mpaka mbali, kwa hiyo vichujio vya doppler, vinavyotenga ndege na mawimbi kwa kasi, vifanye kazi kwelikweli. Usisahau na wale wadudu wanaopanda ziwani kama moshi, nao wanarudisha mwangwi.

Mzee wa Capri Point: Wajukuu, 1979 Tu-22, ndege ya mabomu ya Libya, ilikuja kuipiga Mwanza hii hii, mabomu yakaangukia Saanane yakaua swala. Ulinzi wa anga ulikuwa swala.

Dada wa Mwaloni: Shikamoo mzee. Saanane ni kisiwa, swala walifikaje?

Mzee wa Capri Point: Marahaba. Walivushwa. Palikuwa bustani ya wanyama tangu 1964.

Ngosha wa Igoma: Kirumba, maji nimekuelewa, lakini ufukweni una tatizo la chini ya miguu. Udongo mweusi wa mbuga unavimba masika na kupasuka kiangazi. Mtambo ukiinama digrii 0.1 tu, kwa kilomita 200 kimo kinakosea mita 350. Ndege utaiona juu au chini ya pale ilipo. Juu una mwamba, unafunga bolti na kulala.

Spana 13: Ulale? Mwamba huo huo ukiwa jirani unakuziba. Jiwe likisimama mbele ya antena, upande ule wote una kivuli, hakuna programu ya kuuona. Pima kila upande kwa theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, kabla ya kumwaga zege. Halafu mrija wa mawimbi, unaopeleka nguvu ya rada kwenye antena, ujazwe hewa kavu yenye mgandamizo. Kikaushio kikifa, unyevu unaingia, cheche zinaruka ndani na mrija unaungua. Kichujio chake kiangaliwe kila wiki.

Kirumba Juu: Na dizeli ya jenereta inapandaje huko juu masika?

Ngosha wa Igoma: Barabara inachongwa.

Fundi Jiwe: Kwa chenji?