Bwana miti apewe tuzo kwa miche aliyopanda au kwa msitu uliobaki?

Mleta mada, Gongo la Mboto

Wakuu, naleta hili tulijadili bila matusi. Kila ikifika 1 Aprili, siku ya taifa ya kupanda miti, hotuba zinakuwa za hesabu tu: halmashauri hii imepanda kiasi hiki, ile imevuka lengo la miche milioni 1.5 kwa mwaka. Tuzo nazo zinafuata hesabu hizohizo. Sipingi maafisa misitu kutuzwa. Ninachopinga ni kutuza shimo lililofukiwa Machi wakati Septemba hakuna anayerudi kuangalia kama mche upo.

Chukueni afisa wa shamba la Sao Hill, Mufindi, na mwenzake anayelinda Pugu na Kazimzumbwi hapa Kisarawe. Wa Mufindi ana misonobari imepangwa kwa mistari, mgeni yeyote akishuka kwenye gari anaona kazi. Wa Pugu kazi yake ni kuzuia: tanuri la mkaa lisiwashwe, mtu asikate viwanja ndani ya mpaka, moto usivuke barabara. Akifanikiwa, hakuna cha kupiga picha. Na anamzuia nani? Sisi. Makadirio ya miaka mingi yanasema Dar peke yake inachoma karibu nusu ya mkaa wa nchi nzima. Tathmini ya taifa ya misitu iliyotoka 2015 ilikuta tuna hekta milioni 48.1 za misitu, na kila mwaka zinapotea zaidi ya 370,000. Katika hali hiyo, aliyefanya msitu ubaki vilevile amefanya makubwa.

Pendekezo langu: tuzo ingoje miaka kumi, watu warudi msituni wakague, na jina lipendekezwe na vijiji vinavyopakana na msitu, siyo na bosi wa afisa.

Mchangiaji, Tandika

Tuzo ya nini tena? Mshahara anapokea. Mimi nauza mkaa, nina kibali na risiti, na bado kuna geti moja la ukaguzi wa mkaa nimelipishwa mara mbili kwa magunia yaleyale. Mnitafutie kwanza tuzo ya mvumilivu.

Mwanafunzi wa misitu, Mbagala

Mkuu wa Tandika, geti moja lisikufanye uwafute wote. Nchi nyingine zinawaheshimu watu wao wa misitu na hakuna anayelalamika. Chama cha wanamisitu wa Marekani kimekuwepo tangu 1900 na kina medali yenye jina la Gifford Pinchot, aliyekiasisi. Wanachama wenyewe ndio wanaopendekezana, kwa sababu wao wanajua nani amefanya kazi na nani amefanya semina. Ipo pia tuzo ya kimataifa ya mabingwa wa misitu yenye jina la Wangari Maathai. Ya kwanza, 2012, alipewa Mnepali, Narayan Kaji Shrestha, kwa misitu inayosimamiwa na wanavijiji. 2022 ikaenda kwa Cécile Ndjebet wa Kamerun. Hapo hakuna aliyetuzwa kwa miche ya siku moja.

Mchangiaji, Tandika

Wanachama kupendekezana! Sisi huku tunaita kupeana.

Mstaafu, Mbezi

Wanangu, nimevaa sare hiyo, nisikilizeni. Mleta mada ana hoja, ila kuna sehemu mbili hazikai. Moja: siku hizi uhifadhi ni jeshi usu, yaani unaendeshwa kijeshi. Umwite mwanakijiji mkutanoni, umuulize kama yule mwenye bunduki anastahili tuzo. Unategemea aseme nini? Ataangalia chini aseme anastahili, kisha aende kwake.

Pili, miaka. Mtiki unauvuna baada ya miaka thelathini hivi. Mpingo unaweza kutaka sabini na kuzidi. Mtumishi wa umma anastaafu kwa lazima akiwa na sitini. Na hiyo kumi unayoitaka wewe, huyo afisa atakuwa ameshahamishwa vituo vitatu. Msitu utakaoukagua ni wa nani?

Mleta mada, Gongo la Mboto

Shikamoo mzee. La bunduki nimelipokea: kura ziwe za siri, zisikusanywe na wenye sare, na picha za setilaiti ziwekwe pembeni ya maneno ya watu. La uhamisho linanipa nguvu zaidi. Tuzo iende kwa msitu. Isomwe orodha ya wote waliopita pale, pamoja na kamati ya maliasili ya kijiji, maana hao hawahamishwi. Shinyanga tuliona. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulianza 1986, na mafundi wake wakawaachia wafugaji wa Kisukuma warudishe ngitili zao, yale maeneo ya malisho na miti yanayofungwa yapumzike. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimerudi hekta laki tatu na zaidi. Ukimpa afisa mmoja medali kwa hilo, wale wazee waliozuia ng'ombe wao wenyewe wasiingie unawaambia nini?

Mwanafunzi wa misitu, Mbagala

Sawa, lakini tuzo ya watu wote haimvuti mtu yeyote. Mimi nikipangiwa kituo kisicho na nyumba wala pikipiki, nataka siku moja litajwe jina langu. Langu, siyo la kamati.

Mstaafu, Mbezi

Marahaba, mleta mada. Na huyu kijana asibezwe. Nimefanya kazi na vijana wazuri walioacha kwa sababu hiyohiyo.

Mchangiaji, Tandika

Mzee, swali la mwisho kabla sijafunga banda: hiyo hela ya tuzo ikienda kwa msitu, anayesaini kuipokea ni nani?