Eti "niandikie ombi"! Kwenye akaunti niliyoifungua mimi mwenyewe!

Mtuma Barua (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika nikiwa kwenye gari la Mbagala, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba na mwingine kwenye simu, na bado natetemeka. Herufi zikiruka mtanisamehe.

Huyu mtu mnamjua, sina haja ya kumtaja. Aliyewahi kukaa idara ya masoko hata wiki moja anamjua. Ni yule anayevaa kitambulisho shingoni mpaka chooni. Ukimpa funguo ya stoo anatembea nayo ikilia ofisi nzima ili tujue anayo.

Leo saa nane mchana tuko ukumbi wa mikutano, watu kumi na moja, bosi yuko mwanzo wa meza, projekta inawaka. Kampeni ya Sabasaba. Wiki tatu nimekesha nayo. Nimeandika maneno, nimehangaika na picha, nimechambua wateja mmoja mmoja, wa Kariakoo kivyao, wa mikoani kivyao, wale wasionunua tangu mwaka jana kivyao. Bosi akasema, "Haya, tuma tuone."

Naangalia kitufe cha Tuma kwenye ile programu ya kuwatumia wateja matangazo, kimekuwa cha kijivu. Nikabonyeza hivyo hivyo. Ukuta mzima, herufi kubwa kuliko za bango la barabarani: HUNA RUHUSA YA KUFANYA KITENDO HIKI. WASILIANA NA MSIMAMIZI WAKO.

Msimamizi wangu! Msimamizi wangu ni huyo huyo wa kitambulisho, huyo hapo mbele yangu, anakula korosho!

Nikamwambia kwa adabu kabisa, "Ndugu yangu, naona ruhusa yangu imepungua." Akatafuna kwanza. Akafuta vidole kwenye suruali. Ndipo akaniambia, mbele ya watu wote wale: "Niandikie ombi kwa barua pepe, nitaliangalia."

Niandikie ombi. NITALIANGALIA.

Akaunti ya programu ile nilifungua mimi, 2021, kwa bando langu, ofisi ikiwa haina hata intaneti ya kueleweka. Na yeye nilimwalika mimi, kwa kidole hiki hiki. Aliingia akiwa Mtazamaji. Akaniomba Mwandishi ili ajifunze, nikampa. Nikapata msiba, shangazi, Singida, nikampa Admini, ngazi ya juu kabisa, siku nne ili kazi isilale. Nimerudi, nikaona haya kumvua. Yeye haya hana. Jana saa 5:40 usiku, nimelala, mashine ikanitumia barua: ngazi yako imebadilishwa kuwa Mtazamaji. Saa 5:40 usiku! Mtu mzima, mwenye familia, hajalala, anashusha watu vyeo!

Sasa kazi zangu mwenyewe naziangalia kama anayeangalia mpira kwa tundu la ukuta wa uwanja.

Na ombi nimeandika. Ndiyo, nimeandika, ningefanyaje, bosi ameniangalia. Saa kumi na moja jioni amenijibu neno moja: "Limepokelewa."

LIMEPOKELEWA, wakuu. Niambieni, kosa langu ni lipi?

Chapati Mbili

Nimewahi siti ya mbele. Endelea mkuu, korosho zilikuwa za kuchoma au za kukaanga?

Mhandisi wa Kimara

Umeuliza kosa lako, nakutajia. Admini hapewi mtu kwa sababu ya msiba. Ulitakiwa umpe ngazi ya kati, ya meneja. Huyo anaandaa na kutuma kila kitu, ila hagusi watumiaji wala malipo. Mwandishi anaandika lakini hatumi. Mtazamaji anaona ripoti tu. Ngazi zimewekwa hivyo kwa makusudi, mtu apate kile kinachomtosha kwa kazi yake, basi. Wewe ulikuwa na haraka ya kuwahi basi la Singida, ukabonyeza ya juu kabisa.

Mtuma Barua

Mkuu, ngazi nimekuelewa. Lakini wewe hukuwepo pale. "Niandikie ombi." Na korosho mdomoni.

Dada Mhasibu

Kaka, swali dogo. Nyingi ya programu hizi zina mmiliki mmoja, na admini wa kawaida hawezi kumshusha mmiliki. Kama uliifungua wewe, umiliki ulikwenda wapi?

Mtuma Barua

Dada, mwaka juzi bosi alisema akaunti isiwe kwa jina la mtu, iwe ya kampuni. Nikahamishia kwenye barua pepe ya ofisi, ile inayopokea maulizo ya wateja.

Dada Mhasibu

Na nenosiri la hiyo barua pepe ya ofisi analo nani?

Mtuma Barua

Mnamjua.

Kijana wa Tandika

Hahahaha, jamani mbavu zangu! Kwa hiyo ulimpa chumba, ukampa na funguo, ukamkabidhi na hati ya nyumba, leo unalia umelala varandani unataka tukuonee huruma?

Chapati Mbili

Halafu bado kamwita "ndugu yangu" ha ha haa.

Mtuma Barua

Nilimwita ndugu yangu kwa sababu nililelewa! Kuna watu kumi na moja mezani! Yule mtoto wa mafunzo kazini, aliyeanza Jumatatu, hajui hata choo kilipo, alinitazama kwa huruma. Mtoto wa Jumatatu!

Bi Mkubwa wa Matangazo

Pole mwanangu, lakini afadhali wewe akaunti bado iko ofisini kwenu. Sisi tulimwajiri wakala atuendeshee ukurasa wa duka. Akaufungulia ndani ya akaunti yake ya biashara, sisi akatupa ruhusa ya kuandika na kujibu meseji. Tukaona tumepata. Mkataba ulipoisha tukaambiwa ukurasa ni wake, tunaweza kuununua. Wafuasi wa miaka mitatu! Sasa hivi tuna ukurasa mpya wenye wafuasi 212, na kati yao mmoja ni mama yangu. Mkifungua, fungueni kwenye akaunti yenu, wakala aingie kama mshirika, siku mkiachana mnamtoa kwa kubonyeza mara moja. Mimi nimejifunza kwa machozi.

Mkwezi

Huyo wakala wenu nadhani namfahamu, ofisi yake iko ghorofani na lifti haifanyi kazi?

Bi Mkubwa wa Matangazo

Huyo huyo!

Mkwezi

Basi ana kurasa za nusu ya mji.

Fundi Simu Mwenge

Kwetu aliyekuwa mkuu wa masoko aliacha kazi Desemba. Admini ni yeye peke yake, na namba ya uthibitisho inaingia kwenye simu yake. Yuko Mwanza anauza samaki. Kila asubuhi tukitaka kuingia inabidi tumpigie atusomee tarakimu sita. Na hasomi hivi hivi. Anaanza na salamu ndefu, anauliza hali ya kila mtu mpaka mlinzi, halafu anasema, "Mafao yangu mmeshalipa?" Tarakimu zenyewe haziishi muda mrefu. Akifika kwenye mafao zimeshakufa, tunaomba nyingine, tunaanza salamu upya.

Kijana wa Tandika

Huyo ni shujaa. Msimtoe.

Dada Mhasibu

Mlipeni tu mafao yake. Halafu wekeni admini wawili, watu wawili tofauti, simu mbili tofauti. Na siku mtu anakabidhi kompyuta na kitambulisho, jina lake litoke kwenye mifumo yote siku hiyo hiyo, msingoje mwisho wa mwezi.

Msomi wa Sinza

Mnacheka, mwanzisha uzi mwenyewe analilia kitufe, wakati kuna kubwa zaidi hamjaligusa. Admini anaweza kupakua orodha nzima ya wateja, majina, namba za simu, kila kitu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Orodha hiyo ikitembea mitaani, kampuni ndiyo itakayoulizwa. Muulize bosi wako nani ana haki ya kupakua, na kumbukumbu za akaunti mara nyingi zinaonyesha nani amepakua na lini. Hapo ndipo utamshika.

Mtuma Barua

Orodha sawa mkuu, kesho nitauliza. Lakini nisaidie kitu kimoja, wewe ni msomi. "Nitaliangalia." Anaangalia nini? Nimekaa hatua mbili kutoka kwake! Ni kubonyeza mara moja! Angebonyeza pale pale, kampeni ingetoka, ningemshukuru hata kwa kupiga magoti. Akachagua kutafuna.

Mhandisi wa Kimara

Kwenye Google Ads, programu ya matangazo ya Google, wamelipanga vizuri hili. Ngazi tano: ya kupokea barua pepe tu, ya kusoma tu, ya malipo, ya kawaida, na ya admini. Wa kawaida anaendesha matangazo yote lakini hawezi kumwalika wala kumtoa mtu. Mtu kama huyo wenu angewekwa hapo asingekuwa na la kufanya usiku.

Kijana wa Tandika

Angewekwa kwenye barua pepe tu. Apokee, asome, alale.

Mnairobi

Poleni majirani. Sisi huku Nairobi tuko watu tisa kwa akaunti moja, pasiwedi ni jina la kampuni halafu 123. Hakuna admini wa kusumbua mtu. Shida ni kwamba mwezi jana mtu alituma jaribio kwa orodha yote badala ya kujitumia mwenyewe, wateja karibu elfu sita wakaamkuliwa "Habari JINA LA KWANZA". Tukaangalia kumbukumbu, inaonyesha jina moja tu, la bosi. Bosi mwenyewe siku hiyo alikuwa kwa ndege. Mpaka leo watu tisa tunaangaliana.

Mkwezi

Ilikuwa wewe.

Mnairobi

Naomba wakili.

Mama Tumaini

Nyie mnalilia admini wa kampuni, mshahara bado mnalipwa. Mimi nimetolewa kwenye grupu la WhatsApp la kamati ya harusi ya mdogo wangu. Mdogo wangu wa tumbo moja! Admini ni rafiki wa bwana harusi, sijui katokea wapi. Nimeuliza tu kwa nini ukumbi umehama kutoka Tabata kwenda Mbezi bila kikao, baada ya dakika mbili nikaona maandishi madogo, umeondolewa.

Chapati Mbili

Mama samahani kwa kuuliza. Mchango ulikuwa umetoa?

Mama Tumaini

Nilikuwa nimeahidi.

Chapati Mbili

Basi hujaondolewa, umeahirishwa.

Bi Mkubwa wa Matangazo

Mama Tumaini usikubali, dada wa bibi harusi hatolewi grupu. Mpigie mwenyekiti, sio admini. Admini wa harusi wana kiburi kuliko wakuu wa mikoa.

Mtuma Barua

Wakuu turudi kwenye mada tafadhali. Nimeshuka Mbagala sasa hivi, nimefungua simu, kampeni imetoka! Saa mbili hii usiku! Na chini kabisa imeandikwa imetumwa na NANI? Yeye! Maneno yangu! Picha zangu! Kanitumia na mimi, kaniweka kwenye orodha ya wateja!

Fundi Simu Mwenge

Nami nimeipata. Nzuri. Punguzo la meza za kulia mwisho lini?

Mtuma Barua

Tarehe 13 Julai. Lakini mkuu, hujaona jambo lenyewe? Aliniambia niandike OMBI.

Mkwezi

Mama Tumaini, hiyo ya Mbezi kadi ya singo shilingi ngapi?

Mama Tumaini

Singo elfu 50, dabo laki moja. Ila baada ya ukumbi kuhama nasikia dabo wamepandisha.

Kijana wa Tandika

Sisi Temeke singo imefika 70, na soda unapewa moja.

Dada Mhasibu

Moja? Na kamati mpo mnaangalia tu?