Naogopa baiskeli lakini nataka ya kubebea mikate: guta au ya keria?

MikateMakorora:
Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri, hasa kwa wanaobeba mizigo kwa baiskeli kila siku.

Naoka mikate na skonzi nyumbani, Makorora hapa Tanga, nasambaza madukani Ngamiani na kwa wateja wachache upande wa Chuda. Mpaka sasa nakodi bajaji asubuhi, na nauli inakula faida. Siku mauzo yakiwa madogo ni kama namfanyia kazi mwenye bajaji. Mzigo wa kwenda si mzito ila umejaa: kreti mbili za plastiki. Wakati wa kurudi ndipo napitia Mgandini kuchukua ngano, mfuko wa kilo 25, na mara nyingine mafuta.

Baiskeli naijua ya utotoni, ya kuzunguka uwanja wa nyumbani. Barabarani nikisikia honi nyuma yangu mikono inakakamaa na usukani unaanza kucheza. Tena mimi ni mfupi, na navaa baibui. Mume wangu anasema ninunue guta, lina matairi matatu, halianguki. Jirani anasema nichukue Phoenix ya keria. Mimi moyo uko kwenye guta. Mnanishauri nini? Na nikishanunua, kubeba mzigo nijifunzeje?

FundiSpoku:
Dada, karibu. Mimi ni fundi, maguta na baiskeli vyote vinapita mikononi mwangu.

Guta likiwa limesimama halianguki, hapo shemeji kasema kweli. Kwenye kona ni habari nyingine. Baiskeli ya matairi mawili unailaza kidogo upande unaokata, wewe na mzigo mnakwenda pamoja. Guta halilali. Ukiingia kona na mwendo, uzito wote unasukumwa nje na tairi la ndani linanyanyuka. Mtu mwenye hofu hapo hapo anabana breki katikati ya kona, na ndivyo maguta yanavyopinduka. Anayelijua hupunguza mwendo kabla hajakata usukani, halafu anaegemeza mwili ndani ya kona. Kwa hiyo na guta nalo linahitaji kujifunza, usilinunue ukidhani utaruka hatua hiyo.

Pili, upana. Asubuhi Ngamiani bajaji zimepaki huku, mikokoteni kule. Baiskeli inapenya, guta linasubiri. Na geti lenu linafunguka kiasi gani? Guta ni la mtu wa saruji, mabati, vitanda. Kwa kreti mbili na mfuko wa ngano utakuwa unasukuma chuma kuliko mzigo.

Ushauri wangu ni baiskeli ya fremu ya kike, ile ambayo bomba la juu limeshuka, ringi 26. Phoenix ya kiume ya ringi 28 ni ndefu mno kwako. Kipimo ni kimoja: kaa kwenye siti, nyayo zote mbili ziguse chini. Zisipogusa hata baada ya kushusha siti, iache, hata muuzaji akikupunguzia bei. Keria iwe ya nondo, miguu yake imefungwa kwenye ekseli ya nyuma, si ya bati jepesi inayoyumba ukiitikisa kwa mkono. Na udai stendi ya miguu miwili. Stendi ya pembeni ikizama kwenye mchanga, mikate yote iko chini.

BintiPongwe:
Naunga mkono fundi. Niongeze ya kwetu wanawake. Kava la cheni liwe zima, linalofunika cheni yote. Kava nusu linameza baibui nyuma, na nguo ikishaingia kwenye cheni pedeli inagoma ukiwa katikati ya barabara. Vaa suruali ndani, pandisha baibui, lifunge kiunoni kwa mpira mpana. Mtandio nao uchomeke.

Kuhusu honi: hapa kwetu dereva mara nyingi anapiga kukuambia anapita, si kwamba anakufukuza. Kazi yako ni kubaki kwenye mstari wako. Ukijibana ukingoni kabisa mwa lami utashuka kwenye mchanga, na pale lami imekatika ndipo watu wanaanguka. Acha nafasi ya hatua moja kati yako na ukingo. Na usiendeshe upande wa kulia ati uyaone magari yanayokuja, wengi wanalifanya hilo na ni hatari. Kaa kushoto na ufunge kioo kwenye usukani. Mimi kioo ndicho kilichonituliza, maana namwona mtu wa bodaboda kabla sijamsikia.

NyalendaKsm:
Salamu kutoka Kisumu. Huku tunatumia Buffalo sana, zinaunganishwa papa hapa mjini. Keria yake imetengenezwa kubeba kilo 100, kwa hivyo kilo 25 za unga haiskii. Breki iko ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, unakanyaga pedeli kurudi nyuma inashika. Mvua ikinyesha inashika vilevile, si kama zile breki za vyuma zinazobana rimu, ambazo rimu ikilowa unabana na baiskeli inaendelea tu.

Lakini mama, ukipata yenye breki hiyo, zoea kwanza mahali pasipo na magari. Mtu aliyezoea kuzungusha pedeli nyuma akifikiria njia atajikuta amesimama ghafla. Na yenyewe ni nzito hata kabla ya mzigo.

MbondeiDK:
Mimi ni mtoto wa Muheza, naishi Copenhagen. Huku wazazi wanabeba watoto kwenye baiskeli za boksi mbele, matairi matatu, zinaitwa Christiania, zipo tangu 1984. Nilipoanza kuendesha ya kwetu, mwenye duka alinipeleka uwanjani akanifanyisha kona tu, kushoto na kulia, polepole, boksi likiwa tupu. Alichosema fundi kuhusu kona ni kweli mpaka huku, kwenye njia zetu za baiskeli zilizonyooka. Usukani wa matairi matatu unautumia kwa mikono peke yake, mwili hausaidii kama ulivyozoea, na mtu anayejua baiskeli ya kawaida ndiye anayepata tabu zaidi mwanzoni.

MikateMakorora:
Nawashukuru sana, nimeelewa kuhusu guta, na shemeji yenu nimemsomea akakubali. Sasa kujifunza. Nianzie wapi, na kreti zikae vipi? Nikizipanga moja juu ya nyingine zinanifika mabegani.

BintiPongwe:
Anzia viwanja vya Tangamano, asubuhi na mapema kabla watoto hawajajaa. Siti chini kabisa, usipande pedeli. Sukuma kwa miguu, nyanyua, acha iende yenyewe, shika breki, simama. Rudia mpaka uchoke nayo. Kisha pedeli. Kisha kutazama nyuma begani bila usukani kufuata kichwa. Hilo la mwisho lipe muda mwingi kuliko yote, kwa sababu huwezi kukata kulia bila hilo. Macho yatazame mbali, viwiko vilegee. Ukilitazama tairi la mbele utayumba tu.

Usifunge mzigo wowote mpaka mikono iache kukakamaa.

FundiSpoku:
Mzigo: anza na dumu la lita 10 lililojaa maji mpaka shingoni. Likiwa nusu, maji yanacheza na kuyumbisha baiskeli, na utadhani kosa ni lako. Ukilizoea, weka la lita 20, hizo ni kilo 20, karibu na mfuko wako wa ngano.

Kreti usizipandishe. Tafuta fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu ya nondo pande mbili za keria, kreti moja kushoto, moja kulia, chini kadiri visigino vyako visivyozigonga. Zilingane uzito. Mkate ukiuza, punguza pande zote mbili, usimalize kreti moja kwanza. Ngano ilale juu ya keria, usawa wa ekseli ya nyuma. Ikirudi nyuma sana, tairi la mbele linakuwa jepesi na usukani unapoteza nguvu. Funga kwa mipira ya tyubu iliyokatwa, kamba ya manila inalegea njiani.

Kupanda ukiwa na mzigo: usirushe mguu nyuma, utagonga kreti. Ndiyo maana nilisema fremu ya kike, mguu unapita mbele ya siti. Mguu mmoja chini, pedeli ya mwingine ikae juu, kanyaga. Ukisimama, breki kwanza, mguu baadaye.

MikateMakorora:
Nimeandika yote. Ijumaa tunakwenda kuangalia moja ya fremu ya kike, ringi 26, kava zima. Keria yake imechomelewa upya, nitaitikisa. Swali la mwisho: Chuda nipite barabara kubwa, au nizungukie mitaa?

BintiPongwe:
Zungukia mitaa. Barabara kubwa ya kuingilia mjini ina malori ya saruji yanayotoka Pongwe, na lori likikupita karibu, upepo wake unakusukuma. Ngamiani barabara zimepangwa kwa namba, unaweza kukatiza nyingi bila kugusa barabara kubwa. Kwenye makutano shuka, sukuma, panda ng'ambo. Mpaka leo kwenye makutano makubwa mimi nashuka.

FundiSpoku:
Kabla hujalipa, nyanyua tairi la nyuma ulizungushe. Likicheza kushoto kulia, spoku zimelegea, mwambie azikaze mbele yako. Na ubonyeze kila breki peke yake huku unaisukuma, ile ambayo tairi lake linaendelea kuzunguka abadilishe mpira wa breki.