Wauza mishumaa ya manukato, mbona mnatuuzia nta tupu?

Wakuu, nimekasirika na sitaficha. Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Tanga, nikataka chumba chake kinukie. Nikanunua mishumaa mitatu ya langilangi, kila mmoja 25,000. Ukifungua kifuniko, harufu imejaa pua. Ukiwasha, hakuna kitu. Saa tatu nzima! Kijiti cha udi cha jirani kinanukia mpaka sebuleni kwangu, mshumaa ulio mezani haunukii.

Namwandikia muuzaji, ananijibu: "Dada, zima feni." Nikazima. Nikafunga na madirisha, na chumba chenyewe ni kitanda na kabati tu. Nikatoka nje robo saa nikarudi, maana najua pua huzoea harufu. Holaa.

Ndipo nikautazama vizuri. Utambi mwembamba kama uzi wa kushonea, umechimba kishimo katikati upana wa sarafu, na pembeni nta imesimama kama ukuta. Jamani, mshumaa ukiwaka, harufu inatoka kwenye nta iliyoyeyuka. Dimbwi likiwa dogo, harufu nayo ndogo. Glasi pana namna ile mnaiwekea utambi ule, nta ya ukingoni itayeyuka lini? Manukato niliyolipia yamebaki humo humo.

Na hayo manukato mnayapima? Nimewahi kumsaidia shoga yangu kutengeneza, nimeona kwa macho. Kwenye gramu 200 za nta ya soya alikuwa anatia gramu 12 mpaka 20, kwa mzani, si kwa kukadiria na kifuniko cha chupa. Anatia nta ikiwa bado ya moto, anakoroga taratibu mpaka yashikane. Kisha mshumaa unakaa wiki moja au mbili ndipo auuze, kwa sababu soya inataka muda. Huyu muuzaji wangu aliniambia kwa fahari kabisa: "Nimemimina leo asubuhi, freshi!"

Wa tatu nikauacha kabatini wiki mbili. Umenukia kidogo kuliko wenzake, lakini kishimo ni kile kile.

Mama mkwe ameshakuja na ameshaondoka. Nataka 75,000 yangu. Na ninyi wengine mnaouza, andikeni kwenye kopo ni nta gani na mmeimimina tarehe ngapi. Na kabla ya kuuza, washeni mmoja nyumbani kwenu muukalie saa tatu.