Naomba ushauri: gari bovu, mkataba unasema "limeuzwa kama lilivyo"

Wakuu, habari za jioni. Nipo Kigoma mjini. Nimenunua gari la mtumba kwa mfanyabiashara wa magari, si mtu binafsi. Kwenye milima ya kuelekea Kasulu likachemsha. Fundi kufungua, silinda hedi (sehemu ya juu ya injini) ina ufa uliozibwa kwa gundi ya chuma na kupakwa rangi juu. Yaani mtu alikaa akapaka kwa utulivu kabisa!

Muuzaji ananionyesha mkataba: "limeuzwa kama lilivyo", basi. Ninavyofahamu, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa, na mnunuzi aliyekagua anabanwa kwa kasoro ambazo ukaguzi wake ungezionyesha. Hii nani angeiona bila kufungua injini?

Wanaojua sheria, maneno hayo yanamkinga hata kama alificha ubovu? Nianze na barua ya madai, niende FCC (Tume ya Ushindani, inayoshughulikia haki za walaji), au mahakamani moja kwa moja? Kadi ya gari bado ina jina la muuzaji. Fundi yuko tayari kuandika ripoti, nimemwambia hedi asiiguse kwanza. Na tafadhali, msiniambie nimuuzie mwingine.